Unamkwepa Nani Wiki Hii?

Kama ningepewa nafasi ya kurudia siku moja ya maisha yangu, ningechukua ile Jumamosi ambayo kamati ya kanisa letu, karibu na soko la Myanga, ilikuja nyumbani kuniomba niwe mzee wa kanisa. Ningewapa chai, ningewashukuru, halafu ningekataa. Siku ile niliwaambia nitaomba kwanza. Niliomba kwa muda wa kumaliza kikombe, nikakubali.

Mtu mmoja alikuwa ameniambia nikatae. Alifika asubuhi kabla yao, juu ya baiskeli isiyo na breki, akaisimamisha kwa kuburuza kiatu kwenye nyasi.

"Nasikia wanakuja," alisema.

"Wanakuja, mzee."

"Kataa."

"Kwani sifai?"

"Unafaa. Si ndiyo maana nimekuja? Kataa, kijana wangu. Ukianza kuingia na ule mlango wa pembeni, mimi nitakuwa nakuona saa ngapi?"

Nilidhani ni wivu. Yeye alikuwa ametumika kanisani kuliko sisi sote na hakuna kamati iliyowahi kwenda kwake kunywa chai. Nilimpa uji, akanywa, akakikung'uta kikombe kama mtu aliyeshiba, akaondoka bila kurudia neno lake.

Kanisani tulimwita Bawabu, na wengi wa rika langu hatukujua jina lake lingine mpaka tulipokuwa watu wazima. Kanisa letu lina milango miwili. Mkubwa unatazama barabara, na huo ndio wa watu wote. Wa pembeni unatoka ofisini kwa mchungaji, na kwa desturi yetu wazee wa kanisa huingia nao, kwa mstari, wakati washirika wamekwisha kusimama. Wakiingia hivyo huenda moja kwa moja kwenye viti vya mbele vinavyotazama watu. Hawapiti kwa Bawabu.

Na kupita kwa Bawabu kulikuwa jambo zito. Alikuwa amesimama hapo tangu asubuhi, amefagia, amefukuza mbwa, amepanga mabenchi. Ukifika anakushika mkono na kukusalimia, "Mulembe," kama tunavyosalimiana sote huku kwetu. Lakini mkono hauachii. Anaushika mpaka umjibu swali lake moja: "Wiki hii unamkwepa nani?"

Wengi walijibu, "Hakuna, mzee," na mkono ukaachiliwa. Lakini yeye hakuwa anakutazama usoni. Alikuwa anatazama miguu. Alisema uso umezoea watu, unajua kujipanga, lakini mguu wa mtu mwenye jambo hutafuta pa kugeukia. Basi wengine walijibu "hakuna" na bado wakabaki wameshikwa, nyuma yao foleni inaongezeka, kwaya imeanza kuimba ndani.

Mimi mwenyewe nilishikwa hivyo mara nyingi. Wakati mmoja nilikuwa nimemwahidi jirani kwamba nitamsaidia kuvuna mahindi, halafu siku yenyewe nikapanda gari nikaenda Bungoma kutazama mpira. Wiki nzima nilipita njia ya nyuma ya shule ili nisikutane naye. Bawabu hakuwa ameambiwa na mtu. Alitazama viatu vyangu akasema, "Yuko benchi la tatu. Kuna nafasi kando yake."

"Mzee, nitaongea naye baadaye."

"Baadaye ya nani? Wewe ndiye umeishika?"

Nilikaa benchi la tatu. Kabla ya wimbo wa kwanza kuisha, jirani alininong'oneza, "Mpira uliisha ngapi?" nikajua nimesamehewa.

Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote kuhusu kurudi kwa Bwana. Wengine walihubiri ishara na vita na nyota. Yeye aliona ni jambo la miguu. "Mtu akizoea kumkwepa jirani," alisema, "siku Bwana akija atamkwepa na Bwana. Miguu itakuwa imezoea." Kukesha, kwake, kulikuwa ni kufika Jumapili bila mtu unayemkimbia.

Sasa niseme jambo ambalo wageni walilicheka. Huyu mtu wa kukesha alikuwa analala kanisani. Simaanishi kusinzia. Mahubiri yakianza tu, anakaa kwenye kigoda chake mlangoni, ananyoosha mguu wa kushoto kukinga njia, kofia juu ya goti, na kabla mhubiri hajamaliza salamu mzee amekwenda. Aliwahi kuja kijana mmoja mgeni, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Kibabii, mhubiri mzuri mwenye sauti. Fungu lake lilikuwa ni kukesha. Alipofika katikati akanyoosha kidole kuelekea nyuma: "Ati tunangoja Bwana, na hata bawabu wetu amelala!"

Kanisa lote liligeuka. Bawabu hakufungua macho.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Nimefunga macho nisije nikaona waliochelewa nikawachukia. Lakini wewe umesahau kusema habari ya wale wanawali na mafuta ya taa zao."

Kijana alikuwa amesahau kweli. Tulicheka mpaka mchungaji akasimama kutuliza. Na nithibitishe hili: katika miaka yote hiyo hakuna mbuzi aliyeingia, wala mtoto aliyetoka kwenda barabarani, bila kugusa ule mguu, na ukiguswa mzee alikuwa macho papo hapo, kana kwamba hakuwa amelala kabisa. Alisema mwili wake ulikuwa umechoka tangu zamani, kwa hiyo ameupa mguu mmoja zamu.

Siku za kazi alikuwa fundi wa baiskeli pale sokoni, upande wa wauza mitungi. Pikipiki zilipokuja akajifunza kuziba pancha zake pia, akinung'unika kwamba gurudumu limenenepa bure. Alikuwa na kanuni ya kutolaza baiskeli ya mtu kibandani. Jioni, hata kama kazi imebaki nusu, aliikokota mpaka kwa mwenyewe. "Sitaki Bwana anikute na kitu cha mtu," alisema. Wateja walilalamika kwa sababu wengine walirudishiwa baiskeli isiyo na cheni, na kesho yake ilibidi waibebe tena mpaka kibandani. Yake mwenyewe, kama nilivyosema, haikuwa na breki. Mke wake alikuwa akituambia kwa sauti ya juu, ili yeye asikie, kwamba ameolewa na mtu aliye tayari kwa mbinguni lakini paa la jikoni linavuja tangu mtoto wao wa kwanza hajaota meno.

"Si nitalirekebisha," Bawabu alijibu.

"Lini, baba?"

"Kabla ya parapanda."

Hakulirekebisha. Mwishowe wakwe zake ndio waliolirekebisha.

Alikuwa na hasira pia, na hili nalisema kwa sababu watu wakifa au wakizeeka tunawapaka asali. Alikuwa mwepesi wa kutukana. Lakini hakuweza kulala na tusi lake. Mama mmoja muuza ndizi alitusimulia jinsi Bawabu alivyosimama mbele ya kibanda chake, kofia mkononi.

"Mama, nimekuwa nikikukwepa tangu Jumanne. Nisamehe."

"Kwani ulinifanya nini?"

"Uliniuzia ndizi zimeoza ndani, nikakutukana njia nzima mpaka nyumbani."

"Mimi sikusikia."

"Basi ndiyo nimekuambia."

"Ulinitukana ukisema nini?"

Akamwambia, neno kwa neno. Mama akakasirika, akamrushia ganda, na Bawabu akaenda zake ametulia, kwa sababu sasa jambo lilikuwa wazi na lililobaki lilikuwa zamu ya mama. Walipatana kabla ya Jumapili. Mama alituambia alisamehe haraka kwa sababu aliogopa kushikwa mkono mlangoni.

Tena hakupenda watu wa kutabiri. Mwaka mmoja alipita mhubiri mwenye kipaza sauti sokoni akisema siku imekaribia, kupanda ni kukosa imani. Baadhi ya watu wetu waliacha mashamba yao wazi, wakakusanyika kwenye hema lake kuimba. Bawabu alinunua mbegu za maharagwe akapita mbele ya hema ameweka jembe begani. Mmoja akamwita, "Bawabu! Wewe si ndiye wa kukesha? Mbona unaenda shambani?"

"Naenda kukesha na jembe," alisema. "Akija atanikuta pale aliponiacha, ama aanze kunitafuta?" Mhubiri alihama kabla ya mavuno. Bawabu aliwagawia maharagwe wale wa hema, akiwatania kwamba wayale polepole wasije wakanyakuliwa wakiwa na tumbo limejaa.

Basi huyo ndiye aliyekuja kuniambia nikatae.

Alijua jambo ambalo kamati pia ililijua na haikulisema. Mimi na ndugu yangu mdogo tulikuwa tumegawana shamba la baba. Njia ya ng'ombe wake kwenda mtoni ilikata kona ya sehemu yangu. Mimi nilikuwa na duka la mbegu na mbolea kule Kitale, siku za wiki naishi huko, na kila nikirudi nyumbani nilikuta mboga za mke wangu zimekanyagwa pale konani. Nilikasirika, nikapiga seng'enge. Ndugu yangu akawa anazungusha ng'ombe kwa barabara, mwendo mrefu, magari yanapita. Alikuja mara moja kuniuliza kwa upole. Nilimwambia nitafikiria. Hakuja tena, na mimi nikaanza kuingia nyumbani kwa njia ya upande wa pili.

Ningebaki mshirika wa kawaida, swali lingenifikia Jumapili ile ile. Mkono ungeshikwa, miguu ingenisaliti, na Bawabu angesema ndugu yako yuko benchi fulani, kuna nafasi. Nilijua hivyo. Ndiyo maana naamini leo kwamba nilipoletewa kiti cha mbele, sehemu ya furaha yangu ilikuwa ule mlango wa pembeni.

Nilikuwa mzee mzuri wa kanisa, ukiuliza watu. Nilitoa mabati ya nyumba ya mchungaji. Niliombea wagonjwa, na sala zangu zilikuwa ndefu na zenye mpangilio. Kila Jumapili niliingia kwa mstari, nikaketi nikitazama watu, na ndugu yangu alikuwa kati ya hao watu, upande wa dirisha. Nilijifunza kutazama saa ya ukutani iliyokuwa juu ya kichwa chake. Mzee wa kanisa haulizwi. Hakuna aliyetunga sheria hiyo, lakini nani atamshika mkono mtu anayeshuka na kikombe cha meza ya Bwana? Nililala usingizi mzito macho yakiwa wazi, mbele ya kanisa lote, na yule mzee mlangoni alikuwa akikoroma huku yu macho.

Alijaribu kunifuata. Siku moja ya kazi, msimu wa kupanda, nilimwona kwa mbali akija dukani kwangu Kitale, amevaa koti lake la Jumapili. Alikuwa ametoka Myanga mpaka Kitale, safari ambayo mzee kama yeye hafanyi bila sababu. Niliingia stoo nikajificha nyuma ya magunia. Mke wangu, aliyekuwa amekuja kunisaidia siku hizo, alikuwa kaunta.

"Mulembe, mama. Mwenye duka yuko?"

Nilimwashiria mke wangu kwa mkono. Yeye hajui kudanganya, na hakutaka kujifunza siku ile.

"Yuko, mzee. Lakini anasema hayuko."

Bawabu akacheka kwa sauti. "Haya. Nitamngoja hapa mpaka atoke huko kwa hayuko."

Akavuta gunia tupu, akaketi mlangoni mwa duka, akanyoosha mguu. Wateja walikuwa wakiuruka. Baadaye kidogo nikasikia anakoroma. Stoo ile ilikuwa na mlango wa nyuma unaotokea kwenye uchochoro wa mafundi cherehani, na mimi nilipita huo. Nilienda nikanywa chai mbali, nikarudi jua likiwa limeshuka. Mke wangu alikuwa anafunga.

"Amenunua pakiti ya mbegu za sukuma, akaenda," alisema. "Wewe baba, yule mzee amekufanya nini?"

Nilichukua kufuli nikamsaidia kufunga. Nilikuwa namkwepa mtu ambaye kazi yake duniani ilikuwa kuniuliza namkwepa nani.

Ndugu yangu alikufa kabla ya mavuno ya msimu ule. Kichwa kilimuuma asubuhi, na jioni alikuwa ameondoka. Nilipigiwa simu nikiwa dukani. Kwenye mazishi niliombwa kusoma Neno, kwa kuwa nilikuwa mzee wa kanisa, na nikasoma vizuri. Siku chache baadaye nilienda kwa shemeji yangu, mke wa marehemu. Alikuwa anapepeta maharagwe. Hakunikaripia, na hilo lilikuwa gumu kulibeba.

"Shemeji," alisema, "unajua yeye alikuwa akiulizwa pale mlangoni kila Jumapili? Na kila Jumapili alikuwa anajibu, 'Namkwepa ndugu yangu mkubwa.' Ati alikuwa anaona aibu kuja tena kuomba njia. Bawabu akamwambia, 'Mngoje. Na yeye nitamwuliza.'"

Nilitoka hapo nikaenda moja kwa moja kuikata ile seng'enge. Niliikata kwa koleo za kuazima, mikono ikachanika, na wana wa ndugu yangu wakasimama wakinitazama. Jumapili iliyofuata nilimwambia mchungaji kwamba narudisha kiti. Alidhani ni majonzi. Nikaanza kuingia tena kwa mlango mkubwa, lakini Bawabu hakuwapo. Mke wake alikuwa amefariki, miguu yake mwenyewe ilikuwa imeanza kukataa, na binti yake alikuwa amemchukua akamtunze kwake, ng'ambo ya Kitale, kwenye barabara ya kwenda Suam. Mlangoni walikuwa wameweka vijana wawili wenye beji. Walinipa mkono na kuuachia mara moja.

Nilichelewa kwenda kumwona. Nikisema nilikuwa na kazi nitakuwa naongopa. Nilienda mwaka jana tu, baada ya mvua za kwanza, mahindi yakiwa yamefika magotini pande zote za barabara. Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mchangamfu, alinipokea langoni.

"Usiudhike asipokutambua," alisema. "Mimi mwenyewe leo ananidhani mama yake. Lakini anakula vizuri, na anaimba."

Nilimkuta mlangoni. Wapi pengine? Amekaa kwenye kiti cha plastiki, blanketi mabegani, kofia juu ya goti, mguu wa kushoto umekinga njia. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nilisimama mbele yake nikampa mkono, akaushika, na mshiko ulikuwa ule ule.

"Mulembe, mzee."

"Mulembe. Umetoka wapi?"

"Myanga, kule kanisani."

"Myanga." Alifikiri. "Kule kuna mtu mmoja sikumwuliza. Alikuwa anapita mlango mwingine. Nikamfuata mpaka Kitale, bana, nikalala mlangoni kwake, sikumpata. Unamjua?"

"Ni mimi, mzee."

Aliinua macho. Sijui kama alinitambua uso. Kisha akafanya alichokuwa akifanya siku zote, akayashusha macho mpaka kwenye viatu vyangu, akavitazama kwa muda mrefu.

"Haya," alisema. "Wiki hii unamkwepa nani?"

"Ndugu yangu," nikasema. Ndilo lilikuwa jibu la siku ile, na sikuwa na lingine.

"Mwite."

"Amekufa, mzee."

Binti yake alikuwa amesimama na trei ya chai, hasogei. Bawabu hakuniachia mkono.

"Na ile njia?"

"Niliifungua."

"Ng'ombe wanapita?"

"Wanapita kila siku. Watoto wake wanawapeleka mtoni asubuhi. Na mimi nikiwa nyumbani naenda nao."

"Unaenda nao." Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama fundi aliyezungusha gurudumu akaona haliyumbi. "Hapo sawa. Hiyo usiikwepe."

Nikamwuliza kitu ambacho nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza. "Na wewe mzee, unamkwepa nani?"

Alifikiri kwa dhati. Akaangalia kulia na kushoto, akanivuta karibu. "Huyu mama," alininong'oneza, akimwonyesha binti yake kwa kidevu. "Ananiogesha na maji baridi."

"Baba! Ni ya moto!" binti akasema, na sote watatu tukacheka. Bawabu alicheka mpaka machozi, kisha akasema kwa utulivu kwamba hakuna mwingine, amewamaliza wote, huyu atazungumza naye leo jioni. Tulikunywa chai. Akaimba ubeti mmoja akasahau wa pili, akaurudia wa kwanza. Jua lilikuwa zuri juu ya mahindi. Nilipoinua kichwa kutoka kwenye kikombe, alikuwa amelala.

Nilitaka kuondoka bila kumwamsha. Lakini mlango ulikuwa mmoja, na mguu ulikuwa umekinga. Niliuruka taratibu, suruali ikaugusa kidogo tu, akafungua macho.

"Unaenda?"

"Naenda, mzee."

"Nenda vizuri. Mimi nipo hapa."

Bado yupo hapo, na bado hakuna kitu kinachompita. Mimi ni mshirika wa benchi la nyuma, na wengi wa siku zangu ni nzuri. Wana wa ndugu yangu hunisalimu kwa heshima, na shemeji yangu hunitumia maziwa. Lakini niliulizwa mwanzo nikubali au nikatae kiti kile, na nilikubali. Nilipata mlango ambapo hakuna mtu angenishika mkono, na ndugu yangu mdogo akafa tukiwa hatusemezani, akiningoja nije. Hiyo ndiyo gharama niliyolipa.